Kuweka Mfumo wa ERP Katika Taasisi za Umma za Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yamekusudiwa maofisa wa fedha, ununuzi, bohari, rasilimali watu na TEHAMA katika taasisi za umma za Mombasa: idara za kaunti, kampuni ya maji, vyuo, hospitali na mashirika ya serikali. Yanaanzia pale ambapo taasisi imeshaanza kuzungumza na wauzaji wa programu, kwa kuwa ndipo maswali mengi huulizwa, ingawa ingekuwa heri yangeulizwa mapema zaidi.

ERP ni kitu gani, na ina tofauti gani na programu ya uhasibu tuliyo nayo?

ERP ni mfumo mmoja wa kompyuta unaoendesha fedha, ununuzi, bohari, mali za kudumu, mishahara na mara nyingine makusanyo ya mapato, kazi zote hizo zikitumia hifadhidata moja. Programu ya uhasibu huandika jambo lililokwisha kutendeka, ilhali ERP ipo tangu mtu anapoomba kitu. Chukua mfano wa mabomba ya maji. Fundi anajaza ombi, mkuu wake analiidhinisha, mfumo unatazama kama kasma inayohusika (fungu la bajeti) ina salio, fedha zinatengwa, agizo linatoka, mtunza bohari anapokea mabomba na kuingiza idadi aliyoihesabu mwenyewe, na ankara ya muuzaji ikija inalinganishwa na agizo pamoja na hati ya mapokezi kabla mhasibu hajaandaa malipo. Hakuna aliyeandika jambo lile lile mara mbili, na mkaguzi akitaka kujua mlolongo mzima anaufuata kutoka malipo hadi ombi la fundi.

Inafaa kukumbuka kwamba mifumo hii ilizaliwa viwandani. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 1990, na kabla yake kulikuwa na programu za kupanga malighafi za viwanda. Kiwanda hutaka kujua kama kitu kitaleta faida. Taasisi ya umma hutaka kwanza kujua kama matumizi yaliidhinishwa katika bajeti. Kwa hiyo mfumo ambao hauwezi kuzuia agizo pale kasma inapokauka haufai serikalini, hata uwe na kurasa za kupendeza namna gani.

Kaunti tayari inatumia IFMIS. Kwa nini tuzungumzie mfumo mwingine?

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 kinaipa Hazina ya Taifa jukumu la kuweka mfumo wa usimamizi wa fedha kwa serikali ya kitaifa na serikali za kaunti, na mfumo huo ndio IFMIS, uliojengwa juu ya programu za Oracle. Idara ya kaunti haina hiari ya kuuacha. Muuzaji anayeahidi kwamba bidhaa yake "itachukua nafasi ya IFMIS" ama hajaisoma sheria, ama anatumaini kwamba wewe hujaisoma.

Hata hivyo, IFMIS haikukusudiwa kufanya kila kazi. Haitozi kodi ya ardhi kiwanja kwa kiwanja, haihesabu ada za maegesho, haijui dawa zilizobaki katika stoo ya hospitali, wala haifuatilii gari la taka lilibadilishwa magurudumu lini. Hapo ndipo mifumo mingine huingia, na ndipo ugomvi wa takwimu huanza. Ushauri wetu ni kwamba kabla ya zabuni kutangazwa, taasisi ichore orodha ya kila aina ya kumbukumbu na kuandika mbele yake nyumba yake ni ipi. Bajeti iliyoidhinishwa inakaa IFMIS. Deni la mwenye kiwanja linakaa katika mfumo wa mapato. Mfumo wa pili ukihitaji takwimu hiyo uisome kutoka kwa wa kwanza, usiwe na yake.

Mashirika yenye hesabu zake yenyewe, kama kampuni ya maji, vyuo vikuu na mashirika ya serikali, yana uhuru mkubwa zaidi, na mengi nchini hutumia bidhaa za Microsoft Dynamics au SAP. Wenyeji wa Kilindini wana mfano mzuri karibu nao. Mamlaka ya Bandari imekuwa ikitumia KWATOS tangu mwaka 2008 kuendesha shughuli za kontena uwanjani, na huo ni mfumo wa kazi ya bandari. Mishahara, ununuzi na vitabu vya hesabu ni kazi ya mfumo mwingine. Hakuna ubaya katika kuwa na mifumo miwili yenye mpaka ulio wazi. Ubaya ni kuwa na miwili isiyo na mpaka.

Mradi huu uwe chini ya nani? Kwetu umekabidhiwa idara ya TEHAMA.

Usiwe chini ya TEHAMA. Wataalamu wa kompyuta ni wa lazima, lakini hawana mamlaka ya kuamua kama ombi la chini ya kiwango fulani litaidhinishwa na mkuu wa kitengo peke yake, au kama dereva anaweza kupewa masurufu mapya kabla hajarejesha hesabu za yale ya zamani. Hayo ni maamuzi ya utawala na fedha. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za mwaka 2015 zinamtaka mwenye masurufu ya safari arejeshe hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Mfumo unaweza kuitekeleza kanuni hiyo bila huruma, lakini ni mkubwa wa taasisi, wala si msanidi programu, atakayepigiwa simu na ofisa mwenye cheo aliyezuiwa.

Kwa hiyo mwenye mradi awe ofisa anayewajibika kwa hesabu za taasisi au msaidizi wake wa karibu, na chini yake wawepo watu wa fedha, ununuzi, bohari na rasilimali watu waliopunguziwa kazi zao za kila siku. Jambo la mwisho hili ndilo linalopuuzwa. Taasisi huteua "timu ya mradi" ya watu wanane, kisha wote wanane wanaendelea na majukumu yao kamili, na mkandarasi anabaki kuamua peke yake mambo asiyoyajua. Mishahara ya watu wa kushika nafasi zao kwa muda ni gharama ya mradi na iandikwe kwenye bajeti hivyo.

Je, tuubadilishe mfumo ufuate taratibu zetu, au sisi tubadilike tuufuate?

Mara nyingi taasisi ndiyo ibadilike. Jibu hili halipendwi, na lina mipaka yake, basi tulieleze kwa kirefu.

Mwezi Aprili 2022 Baraza la Jiji la Birmingham, Uingereza, lilihamia mfumo mpya wa Oracle kutoka SAP, ambayo lilikuwa limeitumia tangu mwaka 1999. Makadirio ya awali yalikuwa pauni milioni 19. Badala ya kufuata taratibu zilizokuja na bidhaa, baraza liliufanyia mfumo marekebisho mengi ili ufanane na mazoea ya zamani, likiwemo eneo la kulinganisha hesabu zake na za benki. Sehemu hiyo haikufanya kazi ipasavyo, hesabu zikawa haziaminiki, na makadirio ya gharama yakapanda hadi kufikia karibu pauni milioni 100. Septemba 2023 baraza lilitangaza rasmi kwamba haliwezi kulingana na bajeti yake. Madai ya malipo sawa kwa wafanyakazi wanawake yalikuwa na uzito mkubwa katika tangazo hilo, lakini mfumo ulikuwa mzigo juu ya mzigo. Jeshi la Anga la Marekani nalo lilifuta mradi wake wa ERP wa ugavi mwaka 2012 baada ya kutumia takriban dola bilioni 1.

Kila rekebisho la msimbo hulipiwa mara nyingi: linapoandikwa, linapojaribiwa, na kila mara bidhaa inapotolewa toleo jipya. Kabla ya kuliomba, jiulize utaratibu huo umetoka wapi. Kama umetoka katika sheria, hauna mjadala, na mfumo lazima uufuate. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka asilimia 30 ya zabuni zitengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na bidhaa ya kutoka Ulaya haitajua hilo hadi ifundishwe. Kama umetoka katika mazoea, mathalani saini saba kwenye hati moja ya malipo kwa sababu mkuu fulani wa zamani alipenda kuona kila kitu, basi mradi wa ERP ndiyo fursa ya kuzipunguza. Mara nyingi ukiuliza saini ya tano inathibitisha nini, hata mwenye kuitia hana jibu.

Tunaambiwa "data isafishwe". Isafishwe kutokana na nini?

Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyoweza kununuliwa. Mkandarasi anaweza kuhamisha orodha zako. Hawezi kujua zipi ni za kweli.

Anza na majina ya watu. Katika orodha ya mishahara ameandikwa Mohamed, katika orodha ya bima ni Mohammed, kwenye akaunti ya benki ni Muhammad, na jina la babu limetangulia mahali pamoja na kuachwa pengine. Mwanaisha mmoja anageuka Mwana Aisha, na Omar anakuwa Omari. Ukilinganisha orodha kwa majina, kompyuta itakuletea wafanyakazi hewa ambao ni watu halisi, na watu wawili halisi itawaunganisha wawe mmoja. Tumia namba ya kitambulisho na namba ya mlipakodi, na asiyekuwa nazo kwenye jalada atafutwe ana kwa ana kabla ya uhamisho. Kazi hii ifanywe na karani anayewafahamu watu wa idara yake. Kijana aliyetumwa kutoka Nairobi na mkandarasi hawezi kuimaliza.

Bohari ni hivyo hivyo. Ukifungua kitabu cha stoo ya maji utakuta "bomba inchi 1", "paipu moja", "GI 1" na "bomba la chuma dogo", nazo zote ni kitu kimoja kilichopo rafu moja, kila moja na salio lake. Zikihamishwa jinsi zilivyo, mfumo mpya utaagiza mabomba ambayo tayari yapo. Kipeni kila kitu msimbo mmoja, kipimo kimoja, kisha muhesabu upya kwa macho, stoo ikiwa imefungwa, mtunza bohari na mkaguzi wa ndani wakitia saini karatasi moja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, tena lina majina manne ya kitu kimoja, na mali inapotea vilevile.

Kwa upande wa mapato, Mombasa ina jambo ambalo bidhaa nyingi hazikulitarajia. Programu za kodi ya ardhi huchukulia kwamba kiwanja kimoja kina mwenyewe mmoja, na nyumba iliyopo ni yake. Huku kwetu, Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, ipo milki ya nyumba bila ardhi: mwenye kiwanja ni mmoja, wenye nyumba juu yake ni wengi, na kila mwenye nyumba anamlipa mwenye ardhi kodi ya uwanja. Pia ipo ardhi ya wakfu, inayosimamiwa kwa niaba ya walengwa. Mfumo wenye sehemu moja tu ya "mmiliki" utamlazimisha karani kuchagua jina, naye ataandika la yule aliyekuja dirishani. Miaka mitatu baadaye ilani ya deni la ardhi inamfikia mjane mwenye nyumba ya vyumba sita ambaye hajawahi kumiliki hata futi moja ya kiwanja hicho. Hadidu za rejea ziseme wazi kwamba mfumo utenganishe mwenye ardhi, mwenye jengo na mlipaji, na muuzaji aonyeshe hilo kwa kiwanja halisi wakati wa tathmini, asilieleze kwa maneno.

Mfumo utazuia maagizo yasiyo na bajeti na malimbikizo ya madeni?

Utazuia yale yanayopita ndani yake. Madeni mengi ya kaunti na mashirika hayakuanzia kwenye mfumo wowote: mtu alimpigia muuzaji simu, mali ikaja, kazi ikafanyika, kisha ndipo LPO, yaani agizo rasmi la ununuzi, ikaandikwa ili kuhalalisha kilichokwisha kutokea. IFMIS nayo hukagua kasma, na bado malimbikizo yapo.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho tungependa kila mkaguzi wa ndani akitoe mwishoni mwa mwezi: orodha ya manunuzi ambayo tarehe ya kupokea mali au tarehe ya ankara imetangulia tarehe ya agizo. Haihitaji programu ya ziada. Ikiwa orodha ni ndefu, tatizo liko kwa wanaoagiza kwa mdomo, na mkuu wa taasisi ndiye mwenye dawa yake. Mfumo unaweza kusaidia kwa kumtaka mtunza bohari aandike tarehe halisi ya kupokea mali na kutomruhusu kuibadilisha baadaye, ila hilo litafanya kazi tu kama mtunza bohari hatalazimishwa kuzificha risiti kwenye droo hadi LPO itoke.

Tuanze rasmi tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha unapoanza?

Kimahesabu tarehe hiyo inavutia, kwa kuwa salio la kufungua ni safi. Kibinadamu ni tarehe mbaya, kwa sababu watu wale wale wanaotakiwa kuujua mfumo mpya ndio wanaofunga mwaka wa zamani, na taarifa za fedha zinatakiwa kumfikia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia mwisho wa Septemba. Taasisi ndogo inaweza kumudu. Taasisi kubwa ianze na bohari na ununuzi katikati ya mwaka, kisha leja kuu ifuate Julai watu wakiwa wamekwisha kuzoea.

Angalieni pia kalenda ya mji. Mafunzo ya alasiri katika mwezi wa Ramadhani hayamfaidishi mtu, na wiki ya Idi haifai kuwa wiki ya kuwasha mfumo wa mishahara. Mkandarasi asiyeijua Pwani hupanga ratiba yake kana kwamba siku zote ni sawa.

Mishahara ihamishwe lini?

Mwisho, na baada ya kuendesha mifumo miwili sambamba angalau miezi miwili au mitatu mfululizo, hadi tofauti ya kila mfanyakazi ielezwe kwa senti.

Tahadhari hii ina sababu. Jimbo la Queensland, Australia, liliwasha mfumo mpya wa mishahara wa idara ya afya Machi 2010 kwa wafanyakazi takriban 80,000. Mkataba wa awali ulikuwa wa dola milioni 6 na ushei za Australia; wauguzi na madaktari walilipwa pungufu, wengine wakalipwa zaidi, wengine hawakulipwa kabisa, na gharama ya jumla ikakadiriwa kufika dola bilioni 1.2. Kanada iliwasha mfumo wa Phoenix mwaka 2016, baada ya kuwaondoa kazini washauri wengi wa mishahara wenye uzoefu na kuikusanya kazi yao katika mji mmoja wa Miramichi, New Brunswick. Mfumo ulipokosea, waliokuwa wakijua kusahihisha hawakuwapo tena.

Marupurupu ndiyo yanayoangusha mifumo ya mishahara: zamu za usiku hospitalini, posho ya mazingira magumu, mtu anayekaimu nafasi kwa miezi minne, makato ya chama cha akiba yanayobadilika kila mwezi. Hesabu ya mshahara wa msingi haimshindi mtu. Chagueni wafanyakazi wenye mambo magumu zaidi kwa ajili ya majaribio, maana mkandarasi akiachiwa kuchagua atachagua walio wepesi. Na karani wa mishahara aliyeko asistaafishwe wala kuhamishwa mwaka huo.

Seva ziwe ofisini kwetu au kwenye wingu?

Mombasa haina upungufu wa mkongo. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika hapa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Shida ni kipande cha mwisho, kutoka barabarani hadi kwenye ofisi ya wodi, na umeme unaokatika. Seva ya ofisini nayo ina maadui wake: joto, hewa ya chumvi inayokula viungo vya chuma, na chumba ambacho kiyoyozi chake kikiharibika kinasubiri ununuzi wa dharura.

Kwa sehemu kubwa ya taasisi tunapendekeza kituo cha data cha kukodi, kukiwa na njia mbili za intaneti kutoka kampuni mbili tofauti. Zingatieni sheria: Kanuni za Ulinzi wa Data za mwaka 2021 zinadai kwamba data za mifumo ya kusimamia fedha za umma zichakatwe kupitia kituo kilichoko Kenya, au angalau nakala yake moja iwe nchini. Sheria yenyewe ya mwaka 2019 inaitaka taasisi inayodhibiti data imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru. Andikeni mkataba unaomlazimisha mtoa huduma awajulishe ninyi mapema kuliko hapo. Na nakala rudufu zijaribiwe kwa kurejeshwa kweli kwenye mashine nyingine. Nakala isiyowahi kurejeshwa haihesabiki.

Nywila na mamlaka ya kuidhinisha yapangwe vipi?

Anayeomba asiidhinishe, anayeagiza asipokee, anayeandikisha muuzaji mpya asilipe. Hayo yanajulikana. Yanayovunja mpango ni mawili: ofisi yenye watu watatu ambapo kazi haziwezi kutenganishwa kikamilifu, na wakubwa wanaowaachia makatibu wao nywila kwa sababu hawapendi kukaa mbele ya kompyuta. La kwanza linatibika kwa mkaguzi wa ndani kupitia miamala hiyo kila wiki. La pili lilionyesha athari yake katika sakata la NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) la mwaka 2015, ambapo matumizi ya nywila za IFMIS na watu wasio wenyewe yaligeuka kuwa sehemu kuu ya kesi. Mpeni mkubwa njia ya kuidhinisha kwa simu yake ya mkononi, yenye uthibitisho wa pili, na kisingizio kitaisha. Akisafiri, akaimishe mamlaka ndani ya mfumo kwa tarehe maalumu, na siku ya kurudi yafungike yenyewe.

Zabuni iandikwe namna gani ili tusinaswe na muuzaji mmoja?

Msiombe "ERP yenye moduli kumi na mbili". Andikeni matukio ya kazi, mathalani mgonjwa asiyekuwa na pesa aliyesamehewa ada, au mita iliyosomwa vibaya na ankara ikarekebishwa, na mzabuni ayaonyeshe mbele ya kamati kwa data yenu. Linganisheni gharama ya miaka mitano au zaidi: leseni, matengenezo, mafunzo ya wafanyakazi wapya, na matoleo mapya. Ulizeni bidhaa itaendelea kuhudumiwa hadi lini. SAP, kwa mfano, imetangaza kwamba huduma ya kawaida ya toleo lake la zamani la ECC inakoma mwishoni mwa mwaka 2027, kwa hiyo anayeuziwa leo kwa bei poa ajue anauziwa nini.

Mkataba useme kwamba data ni mali ya taasisi na itatolewa katika muundo unaosomeka mkandarasi akiondoka, tena bila malipo ya ziada. Malipo yafungwe kwenye matokeo, kama vile mwezi wa kwanza kufungwa ndani ya mfumo, wala yasifungwe kwenye ripoti za maendeleo. Fuatilieni pia mwelekeo wa Hazina kuhusu ununuzi wa kielektroniki, ambao mwaka 2025 ulizua kesi mahakamani; mfumo mtakaonunua uweze kuunganishwa na ule wa serikali bila kuvunjwavunjwa.

Programu huria zinafaa?

Zinafaa kwa taasisi ndogo yenye mafundi wake wawili watatu wa kudumu. ERPNext na Odoo zinatosha kwa bohari, ununuzi na hesabu za chuo cha wastani. Leseni ikiwa bure, mtaalamu wa kuitunza si bure. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: mfumo wa malipo wa MUSE, ulioanza kutumika mwaka 2019 badala ya bidhaa ya kigeni, ulitengenezwa na wataalamu wa serikali wenyewe. Njia hiyo inawezekana pale tu serikali inapokubali kuwaajiri wataalamu hao na kuwabakisha.

Wafanyakazi wanaupinga mfumo. Tufanyeje?

Wasikilizeni kwanza, kwa kuwa mara nyingi wanapinga kitu mahususi. Mtunza bohari anayekataa kuingiza mapokezi papo hapo huenda kompyuta yake iko jengo la pili na lori linasubiri kwenye jua. Mpeni kishikwambi, upinzani utaisha. Wapo pia wanaopinga kwa sababu mfumo utawafungia mlango wa riziki isiyo halali, na hao hawabadilishwi na semina.

Kuhusu semina, siku tatu katika hoteli ya Nyali hazimfundishi mtu kupokea mali bohari. Mafunzo yafanyike mezani kwake, kwa kazi yake, wiki ile ile atakayoanza, na mkufunzi arudi mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati maswali ya kweli yanapojitokeza. Mwongozo uwe wa Kiswahili kwa watu wa bohari, karakana na makusanyo ya ada, hata kama vitufe vya mfumo ni vya Kiingereza.

Tutajuaje kuwa mfumo unafanya kazi?

Tazameni siku inayofungwa hesabu za mwezi, na kama hesabu za benki zinalingana bila ya karatasi ya Excel ya pembeni. Excel ya pembeni ndiyo dalili ya uhakika zaidi: ikiwa mhasibu bado anaitunza mwaka mmoja baadaye, muulizeni anapata nini humo asichokipata kwenye mfumo, kisha lirekebisheni hilo. Dalili ya pili ni orodha ya mali. Mwaka 2024 Baraza la Mawaziri liliidhinisha serikali kuondoka kwenye uhasibu unaohesabu fedha zilizoingia na kutoka pekee, kuelekea ule unaotambua pia mali na madeni; taasisi isiyojua ina majengo, magari na jenereta ngapi, na yenye thamani gani, itakwama hapo kwanza.

Tuache lini kutumia fomu za karatasi za S11 (kuomba na kutoa mali stoo) na S13 (kupokea mali)?

Ziendelee sambamba kwa robo mwaka ya kwanza, namba ya fomu ikiandikwa kwenye muamala wa mfumo. Hesabu ya ghafla ya stoo ikilingana na mfumo mara tatu mfululizo, mkuu wa taasisi atoe waraka wa maandishi wa kuziondoa, akiwa ameshauriana na mkaguzi wa ndani. Vitabu ambavyo havijatumika virudishwe na kufungiwa siku hiyo hiyo, namba zake zikiwa zimeorodheshwa, maana kitabu cha S11 kilichobaki mikononi mwa mtu kitatumika kutoa mali ambayo mfumo hauioni.